Mbu wa Jumamosi

Mwezi wa 3, tarehe 7, Jumamosi
Daftari hili kanunua binti yangu. Kaniambia niandike. Mimi darasa la nne tu, na mwandiko wangu ni kama kuku kapita na miguu ya tope. Anasema atausoma hivyo hivyo.

Shauri ni hili. Ana mimba ya miezi sita. Mume wake dereva wa lori, wiki mbili njiani, siku mbili nyumbani. Yeye anakaa mjini, chumba kimoja ghorofa ya tatu, maji anabeba kutoka chini. Anataka kuja kujifungulia kwangu. Zahanati iko karibu, na mimi nipo.

Lakini mwaka jana alikuja wakati kama huu wa masika, kumuuguza mama yake. Mama yake tukamzika. Wiki ya pili binti akashikwa na malaria, mimba ya miezi minne ikatoka. Ni hapa hapa, chumba cha pili. Mkwe alikuja kumchukua. Hakusema neno. Alipakia mizigo, akafunga mlango wa lori, wakaenda.

Sasa mkwe anasema popote ila nyumba ile. Binti anasema nyumba ile ile. Nesi wa zahanati ndiye aliyetukatia maneno. Kila Jumamosi asubuhi nitandike shuka jeupe sakafuni chumba cha pili, nifunge dirisha, nipulize dawa, nisubiri nje dakika kumi, niingie niokote mbu walioanguka, nihesabu. Jumamosi tatu zikifuatana bila kuvuka mbu watatu, binti aje. La sivyo abaki mjini.

Binti akasema, "Baba, usije ukaniambia hakuna mbu. Wewe kila kitu kwako hakuna. Niandikie namba."

Leo: 31.

Tarehe 8
Nimezunguka shamba lote kutafuta maji yaliyotuama. Shamba si langu. Mwenyewe yuko mjini, huja mara moja kwa mwezi, anatazama ng'ombe, anaondoka. Mimi nalima, nafyeka, nakamua, na hiki kijumba cha vyumba viwili huku chini ni changu maadamu nafanya kazi.

Maji nimeyakuta. Makopo nyuma ya jiko. Pipa lisilo na kifuniko. Mfereji wa bati umeziba kwa majani. Mfereji wa kunyweshea ng'ombe, na nyayo za ng'ombe pembeni, kila unyayo kijibakuli cha maji. Dimbwi la getini. Dimbwi la njiani. Dimbwi la chini ya bomba. Miaka kumi na tisa napita hapo, sijawahi kuyaona kama mali ya mbu.

Tarehe 10
Nesi alipita kwa baiskeli. Kaniachia bakuli jeupe. Kateka maji kwenye dimbwi la getini, kanionyesha viluwiluwi. Anayening'inia kichwa chini, huyo atakuwa mbu wa kuwasha na kupiga kelele. Anayelala bapa juu ya maji kama kijiti, huyo ndiye wa malaria. Akasema, "Mzee wangu, yule wa kwanza ni mlevi wa mtaani. Huyu wa pili ndiye mwizi. Anaingia kimya."

Anasema mwizi anapenda maji masafi yenye jua. Mimi nilidhani wote wanapenda uchafu.

Tarehe 11
Makopo yote nimeyafukia. Pipa nimelifunika kwa gunia na kamba.

Tarehe 14, Jumamosi
26.

Tarehe 16
Mvua imeanza kweli kweli. Nafukia madimbwi. Nikitoka kukamua nachukua toroli, udongo nautoa nyuma ya ghala. Pale kuna udongo mwekundu laini, jembe linazama lenyewe. Leo toroli kumi na nne. Mgongo unauma.

Tarehe 18
Toroli ishirini. Dimbwi la getini limekwisha.

Tarehe 21, Jumamosi
19. Nimempigia binti. Kasema hongera, kisha akauliza nakula nini. Nikamwambia nakula. Akauliza nini. Nikakata maneno.

Tarehe 25
Mvua siku nne. Chandarua kipya nimekifunga chumba cha pili. Cha zamani mama yake alikuwa amekitandaza juu ya mbegu za mboga kuzuia kuku. Ndivyo tulivyokuwa. Mboga zililala ndani ya chandarua, sisi nje. Nilimwona anakifungua, nikamshikia ncha ya pili.

Tarehe 28, Jumamosi
24. Wameongezeka. Nimehesabu mara mbili.

Mwezi wa 4, tarehe 1
Jirani yangu upande wa chini ni mfyatua matofali. Watu wanamwita Saruji, kwa sababu maisha yake yote hajawahi kununua mfuko mmoja wa saruji, na anaitukana kila akikuta watu. Anaongea huyu. Ukimsalimia asubuhi, jibu unalipata mchana.

Leo nimesimama kwenye uzio nikahesabu mashimo yake, yale anayotoa udongo wa matofali. Kumi na moja. Yote yamejaa maji, ya kahawia kama chai. Bata wake wanaogelea humo. Sasa nimejua mbu wanatoka wapi.

Tarehe 2
Nimemwambia Saruji afukie mashimo. Akacheka. Akaniuliza toka lini nimekuwa daktari. Nikamwambia mbu wake wanakuja kwangu. Akasema basi niwape vitambulisho, wa kwake na wa kwangu tuwatofautishe. Vibarua wake wawili wakacheka mpaka wakaweka chini vibao vya matofali.

Akasema bata wanakula wadudu wote, mashimo yake hayana neno. Nikamwambia bata hana kazi nyingine ila kunya. Tukaachana hapo.

Tarehe 4, Jumamosi
27.

Tarehe 5
Nilitaka kupeleka neno kwa mjumbe. Sikwenda. Mjumbe na Saruji ni mtu na shemeji yake.

Tarehe 7
Nimefanya hivi. Fundi wa trekta ana oili chafu, anaimwaga tu. Nikachukua galoni. Saruji alikuwa amekwenda kutafuta kuni za tanuri. Nikavuka uzio, nikamimina kwenye mashimo matatu ya karibu na kwangu. Oili inatanda juu ya maji, viluwiluwi wanakosa pumzi. Nesi hakuniambia nifanye hivyo, wala sikumuuliza.

Tarehe 8
Saruji kaja asubuhi nikikamua. Kashika bata kwapani. Bata mweusi tii, manyoya yameshikana, anatetemeka. Sikuinuka, nikaendelea kukamua.

"Jirani, huyu bata alikukosea nini?"

Nikasema, "Mashimo yako yananikosesha mjukuu."

Akanyamaza. Huyu mtu ambaye hanyamazi. Kisha akasema, "Ungeniambia ni kwa ajili ya binti. Uliniambia mbu. Hukuniambia binti."

Akaondoka na bata wake. Walikuwa watatu walioingia kwenye oili. Mmoja amekufa, wawili anawaosha kwa sabuni na maji ya moto. Nimewasikia vibarua wakisema.

Sikuomba radhi. Naandika tu kwamba sikuomba.

Tarehe 11, Jumamosi
16.

Tarehe 13
Mvua imekata. Jua.

Tarehe 15
Jua. Mahindi yananyauka ncha. Saruji kageuza tanuri lake, anachomea upande wa mbali. Tukionana hatuamkiani. Kumbe zile kelele zake za asubuhi nilikuwa nimezizoea.

Tarehe 18, Jumamosi
9.

Tarehe 20
Jua.

Tarehe 25, Jumamosi
3. Sikuamini. Nikaliinua shuka, nikalikung'uta, nikatazama chini ya kitanda. Watatu.

Ni ile oili, nilijua. Na toroli zangu.

Tarehe 28
Nimepaka chokaa chumba cha pili. Nimepigilia wavu wa waya dirishani, misumari ishirini na sita. Kidole kimoja kimepata nyundo.

Mwezi wa 5, tarehe 2, Jumamosi
2.

Tarehe 3
Binti kapiga simu. Anasema mkwe anauliza bado moja? Kamjibu bado moja. Mkwe akasema aha, akalala.

Tarehe 9, Jumamosi
2. Jumamosi tatu. Nimekwenda kwa miguu zahanati kumwonyesha nesi daftari. Kasoma, kapiga muhuri wa zahanati pale kwenye 2, eti ili mkwe aamini. Binti atakuja Jumatatu ya tarehe 18, kwa gari ya kukodi, na godoro lake.

Njiani kurudi nimenunua sukari.

Tarehe 10
Mvua imerudi. Wiki nne hapakuwa na mvua, leo imemwaga zote.

Tarehe 12
Mvua usiku, jua mchana. Mahindi yamenyanyuka.

Tarehe 13
Vivyo hivyo.

Tarehe 15, Ijumaa
Leo naandika kirefu.

Njia ya kutoka getini ina mabonde, nikaona gari ya binti itarukaruka, na yeye ana miezi minane na zaidi. Nikachukua toroli kwenda nyuma ya ghala kutoa udongo. Sijaenda kule toka mwezi wa tatu, hakukuwa na haja.

Nimekuta shimo. Si dogo. Urefu wake mimi nikilala na kunyoosha mikono, kina mpaka gotini. Limejaa maji masafi, unaona chini kabisa, jua limelipiga lote. Nilisimama nikajiuliza nani kachimba. Nikatazama kingo. Alama za jembe langu, lile lenye pembe moja imekatika.

Toroli zote zile. Udongo wa kufukia madimbwi ulitoka mahali, na mahali penyewe pakawa shimo. Nimeziba vijibakuli ishirini, nikachimba beseni.

Nikaenda kuchukua bakuli jeupe. Nimeteka mara moja tu. Wamelala bapa. Sikuhesabu, wali kwenye sahani hauhesabiwi. Na kutoka hapo mpaka dirisha la chumba cha pili ni hatua arobaini, nimezipima.

Nikakaa kwenye toroli. Kisha nikachukua bakuli, nikavuka uzio kwa Saruji. Hakuwepo, au alikuwepo akakaa ndani. Nikateka kwenye mashimo yake yale manane ambayo sikutia oili. Shimo la kwanza hamna kitu. La pili hamna, chura tu. La tatu wawili, wananing'inia. Bata wakanifuata shimo hadi shimo wakidhani nina chakula. Mashimo manane, sikupata aliyelala bapa hata mmoja.

Mbu walipungua kwa sababu ya jua. Shimo langu lilikauka wiki zile nne, basi. Si oili, na mashimo ya Saruji hayakuhusika.

Nimejua haya yote saa tisa. Mpaka saa kumi na mbili sijamwambia mtu.

Tarehe 16, Jumamosi
Nimetandika shuka. Nimefunga dirisha. Nimepuliza. Nikakaa nje dakika kumi, nikatamani ziwe ishirini.

17.

Nimekaa na kalamu. Daftari lina muhuri tayari. Tatu zimetimia tarehe 9, hakuna aliyeniambia nihesabu ya nne. Ningefukia shimo leo, ningekaa kimya, na chandarua kipo. Lakini nesi alishasema, mbu aliyekwisha ruka ukifukia alikotoka hajali, ana wiki mbili tatu za kuishi. Na wameshaingia. Wako kumi na saba kwenye shuka, na walioko nje sijui.

Nimeandika 17. Nimempigia binti.

Nikamwambia, "Usije Jumatatu."

Akauliza mvua imebomoa? Nikasema hapana. Nikamweleza yote, toroli, udongo, shimo, bakuli. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Umelichimba mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa mikono yako, Baba?"

"Na jembe."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akasema mtoto anapiga teke, kisha nikasikia si kicheko tena. Nikashika simu tu.

Akasema godoro ameshalifunga kamba. Akasema mume wake anaondoka leo jioni, safari hii ni ndefu, atarudi mwezi ujao. Nikasema najua. Akasema, "Mwaka jana nilikuuliza kuna mbu wengi? Ukasema hakuna." Nikasema nakumbuka. Akasema sawa Baba. Akakata.

Sijala.

Tarehe 17
Nimekwenda kwa Saruji. Nikamkuta anapanga matofali. Nikasimama hapo mpaka akageuka.

Nikasema, "Nimekukosea. Bata wako nimemuua bure. Mbu ni wangu. Nina shimo."

Akasema, "Una shimo?"

"Nyuma ya ghala."

Akaniangalia. Nikaona anajizuia, mashavu yamemvimba. Akasema twende nilione. Alipoliona akavua kofia kama yuko msibani. Akalizunguka. Akasema kwa mtu asiye fundi ni shimo zuri, kingo zimenyooka, angenijua mapema angeniajiri. Nikamwacha aseme. Ilikuwa haki yake.

Kisha akauliza nataka kulijaza na nini. Nikasema udongo. Akauliza udongo wa wapi. Nikatazama jembe langu.

Akasema, "Hilo ndilo swali, jirani. Mimi nimelijua miaka thelathini, ndiyo maana sifukii."

Tarehe 18, Jumatatu
Siku ambayo angekuja.

Saruji kaja na vibarua wawili na mkokoteni. Ana rundo la matofali mabovu nyuma ya tanuri, yaliyopasuka, yaliyoiva vibaya, ya miaka mingi. Tumevuta maji kwa ndoo mchana kutwa, tukayamwaga juani kwenye nyasi, viluwiluwi wakakauka. Tukajaza matofali, tukayaponda, juu yake majivu ya tanuri. Mkokoteni mara ishirini na mbili. Haukuchimbwa udongo hata jembe moja.

Bata wake nitamlipia kuku wangu wawili. Amekataa mmoja, eti ana macho ya mjumbe.

Tarehe 20
Nimetoboa mfereji mdogo pale kwenye nyayo za ng'ombe, maji yateremke. Saruji ndiye aliyenionyesha mteremko. Anaongea bado. Leo kanieleza habari ya nyumba aliyojenga mimi nikiwa sijazaliwa, na mimi namzidi miaka mitano.

Tarehe 23, Jumamosi
11.

Tarehe 30, Jumamosi
4. Mmoja amezidi. Nimeandika 4.

Binti anasema tumbo limeshuka, hawezi tena kupanda gari safari ndefu. Nesi naye kasema asithubutu. Basi atajifungua huko huko.

Mwezi wa 6, tarehe 3, Jumatano
Nilikuwa nakamua. Simu ikalia, sauti ya mwanamke nisiyemjua. Ni mshona nguo wa chumba cha jirani. Anasema alimpeleka hospitali usiku, kajifungua alfajiri, mtoto wa kike, wote wazima. Nikauliza kilo ngapi. Akasema tatu kasoro kidogo. Nikashukuru.

Nikapindua ndoo tupu nikaikalia. Ng'ombe akageuka kunitazama, sijamaliza upande mmoja.

Mgeni wa ukoo kaja duniani akapokelewa na mshona nguo. Mimi nilikuwa huku. Lakini ni wazima.

Tarehe 6, Jumamosi
2.

Tarehe 9
Jioni lori limesimama getini. Mkwe. Yuko njiani kurudi, hajamwona mtoto bado, kapita hapa kwanza. Nikamkaribisha. Akasema anataka kulala chumba cha pili. Nikamwonyesha chandarua. Akakifunga juu fundo, akasema atalala bila hicho. Nikamwambia mwanangu, malaria haimwogopi dereva. Akasema ana dawa garini, na lazima ajue.

Alikula, akaingia, akafunga mlango.

Tarehe 10
Asubuhi nimemkuta amekaa kitandani bila shati, anachunguza mikono yake, mmoja mmoja, kama mtu anayekagua tairi. Kasema pamoja na mgongo ambao haoni, ameumwa mara moja. Tena anadhani ni kiroboto.

Nikampa chai. Akaomba daftari. Mwandiko wangu unamsumbua, anafuata kwa kidole. Kurasa za oili na bata alizisoma bila kuinua kichwa. Akafika penye muhuri. Akageuza ukurasa. Akafika tarehe 16. Kidole kikasimama.

"Hii ilikuwa baada ya muhuri."

"Ndiyo."

"Gari ilishalipiwa."

"Najua."

"Ungeweza kuandika mbili."

Nikasema, "Kalamu ilikuwa ile ile."

Akafunga daftari. Akanywa chai yake mpaka majani. Nikadhani ndiyo imekwisha, kama mwaka jana. Akasimama, akaenda kwenye lori, akarudi na turubai, akaniuliza pipa langu lina upana gani, lile gunia juu yake limeoza. Tukapima. Akakata turubai kwa kisu, akalifunga pipa mwenyewe kwa kamba ya mizigo, fundo la madereva, mpaka sasa sijui linafunguliwaje.

Akiwa ameshawasha injini akatoa kichwa. Akasema, "Nitawaleta wiki ijayo, Baba. Wakae mpaka mtoto aanze kutambaa."

Tarehe 13, Jumamosi
1.

Tarehe 17, Jumatano
Wamefika saa nne. Saruji alikuwa getini kabla yangu, kabeba godoro kichwani na bado anaongea.

Mtoto ana vidole virefu. Analala huku amekunja uso, kama anahesabu kitu. Binti aliingia chumba cha pili na mtoto. Nikabaki mlangoni. Mwaka mzima hajakanyaga humo. Akatazama kuta, akagusa chokaa, akakaa kitandani upande ule ule aliokuwa analala.

Kisha akajifuta uso kwa kanga, akasema humu ndani mna joto.

Nikasema nitaleta kipepeo cha jikoni.

"Baba," akasema, "fungua dirisha."

Nikatazama wavu. Nikatazama nje. Nikafungua.